Mwenye Duka wa Mtaa wa Market

Mwishoni mwa Juni 1929 Louis Bamberger aliuza duka lake. Alikuwa na miaka 74, hakuwahi kuoa, hakuwa na mtoto wa kumwachia, na duka lenyewe, L. Bamberger & Co. la mjini Newark, lilikuwa limekua hadi kuhesabiwa miongoni mwa maduka makubwa kabisa ya Marekani. Wanunuzi walikuwa kampuni ya R. H. Macy ya New York, na bei ilikaribia dola milioni 25. Miezi minne baadaye soko la hisa likaanguka, nchi nzima ikaingia katika miaka ya ukata. Wapo wanaomsifu kwa kuona mbali. Mimi naamini sababu ilikuwa ya nyumbani zaidi kuliko ya sokoni. Januari ya mwaka huohuo alikuwa amemzika Felix Fuld, shemeji yake na mshirika wake tangu siku ya kwanza. Duka lile lilianzishwa na watu watatu, na sasa alikuwa amebaki yeye peke yake.

Alipouza, alitenga dola milioni 1 kwa ajili ya watumishi waliokuwa wamekaa naye miaka 15 au zaidi. Walikuwa zaidi ya 200. Wengine walipata fedha taslimu, wengine malipo ya kila mwaka hadi mwisho wa maisha yao. Kwetu tungekiita kiinua mgongo.

Nimeanza na fedha hizo kwa makusudi. Taasisi iliyozaliwa na utajiri wa Bamberger, ile Institute for Advanced Study ya Princeton, huwa inasimuliwa kuanzia kwa Albert Einstein, kana kwamba iliota yenyewe siku mwanasayansi huyo alipoteremka melini. Nataka kuisimulia kuanzia dukani. Nyumba ile ya elimu ilijengwa kwa senti za wanunuzi wa soksi, mapazia na viatu vya watoto, na ilijengwa pia kwa desturi za mtu aliyewauzia.

Bamberger alizaliwa Baltimore tarehe 15 Mei 1855. Baba yake, Elkan, alikuwa Myahudi aliyehamia kutoka Bavaria huko Ujerumani. Mama yake, Theresa, alitoka katika ukoo wa Hutzler, wenye duka maarufu mjini humo. Louis aliacha shule akiwa na miaka 14, akaenda kwa wajomba zake, akaanza kazi ya kijana wa dukani kwa dola 4 kwa wiki. Ujombani ndiko kulikokuwa shule yake. Baadaye alifanya biashara na jamaa zake hapohapo Baltimore, na mwaka 1887 akahamia New York kuwa wakala wa kununua bidhaa kwa niaba ya maduka ya miji mingine, huku akidunduliza mtaji wake mwenyewe.

Mwaka 1892 duka la Hill & Craig, lililokuwa Mtaa wa Market mjini Newark, lilifilisika. Bamberger alinunua shehena ya mufilisi huyo akishirikiana na Louis Frank, mume wa dada yake Caroline, na Felix Fuld, kijana mzaliwa wa Frankfurt. Mzigo uliisha upesi. Wakaamua kubaki. Newark wakati ule ulikuwa mji wa viwanda, wa ngozi, vito na bia, wenye watu 181,830 kwa hesabu ya mwaka 1890. Kufikia 1930 walikuwa 442,337. Watu hao walihitaji kuvaa, kulala kitandani na kupika, na duka likakua pamoja nao. Frank alifariki mwaka 1910, na miaka mitatu baadaye Caroline akaolewa na Fuld. Kaka, dada na mumewe waliishi nyumba moja, South Orange, nje kidogo ya mji. Biashara na familia vilikaa meza moja.

Anayeijua Kariakoo au Marikiti anajua kwamba bei ya kitambaa haiko kwenye kitambaa, iko mdomoni. Anayejua kupatana hutoka na nafuu, na mgeni asiyejua lugha hulipa ada ya ugeni wake. Maduka makubwa ya Ulaya na Marekani ya karne ya 19 yaliivunja desturi hiyo, na Bamberger alilishika jambo hilo kwa dhati: bei imeandikwa kwenye bidhaa, ni ileile kwa kila anayeingia, na ukifika nyumbani ukaona kitu hakikufai, kirudishe upewe fedha zako. Newark ulikuwa umejaa wageni, Wajerumani, Waairishi, Waitalia, Wayahudi wa Ulaya Mashariki, na Wamarekani Weusi waliokuwa wakipanda kutoka majimbo ya kusini. Kwa mama aliyetua jana bila kujua Kiingereza, karatasi ndogo yenye bei ilikuwa heshima. Haikumuuliza ametoka wapi.

Isieleweke kwamba usawa ulikuwa umekamilika. Maduka makubwa ya miji ya kaskazini kwa jumla yaliwauzia Weusi kwa miaka mingi bila kuwapa kazi ya kusimama nyuma ya kaunta. Bei ilikuwa moja, ajira haikuwa moja. Nalisema hili mapema kwa sababu litatukuta tena mbele.

Mwaka 1912 walifungua jengo jipya lililochorwa na Jarvis Hunt, msanifu wa Chicago, likiwa na uso mweupe unaoonekana kutoka mbali. Kwa upanuzi uliofuata lilichukua eneo lote kati ya mitaa ya Market, Washington, Halsey na Bank. Mwaka 1924 duka lilianza kutoa jarida lake, Charm, la mitindo na maisha ya nyumbani. Na miaka miwili kabla ya hapo, Februari 1922, lilifungua kituo cha redio humohumo dukani. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: duka linauza redio, lakini nani atanunua sanduku lisilosema? Basi wakalipa sanduku sauti. Kituo hicho, WOR, kipo hewani hadi leo kutoka New York.

Bamberger mwenyewe sauti yake haikusikika sana. Alikuwa mpole, mwenye haya, hakupenda hotuba wala kupigwa picha. Ninachokiona katika kila alichotoa ni tabia ya mwenye duka mzuri: kumtafuta anayeijua bidhaa, kumkabidhi, kisha kutosimama nyuma ya bega lake.

Wa kwanza kukabidhiwa alikuwa John Cotton Dana, mkuu wa maktaba ya Newark, aliyeanzisha jumba la makumbusho la mji huo mwaka 1909. Dana aliyachukia majumba ya makumbusho yanayofanana na mahekalu, yaliyojengwa mbali na watu na kujaa ukimya. Aliandika wazi kwamba duka kubwa la mjini linakaribia kuwa makumbusho bora kuliko makumbusho yenyewe: liko katikati ya mji, liko wazi saa ambazo watu wana nafasi, vitu vyake vinabadilishwa mara kwa mara, na anayeingia hupokewa vizuri. Mtu mwingine angedhani anabembeleza tajiri. Dana hakuwa mtu wa kubembeleza. Aliandaa maonyesho ya vyombo vizuri vya senti 10, vya madukani tu, ili mfanyakazi wa kiwandani aone kwamba uzuri hauhitaji mfuko mnene. Bamberger alilipia jengo, zaidi ya dola nusu milioni, na msanifu akawa yuleyule Hunt. Lilifunguliwa mwaka 1926, mwendo wa dakika chache kutoka dukani. Ukiyaweka majengo hayo mawili akilini kwa pamoja unaelewa Dana alikuwa anasema nini.

Kulikuwa na mengine, na nitayapitia kwa haraka. Bamberger na Fuld walitoa fedha nyingi kwa hospitali ya Beth Israel, iliyopata jengo jipya mwaka 1928, na kwa jumba la vijana wa Kiyahudi. Alilipia jengo la chama cha historia cha New Jersey, akakipa pia hazina aliyoikusanya kwa miaka: saini za watu wote 56 waliotia sahihi Azimio la Uhuru la Marekani. Huyu ni mtoto wa mhamiaji, aliyeacha shule na miaka 14, anakusanya sahihi za waasisi wa nchi mojamoja hadi zikatimia, kisha hazifungii kabatini kwake. Naye Caroline, mwaka 1927, aliuona mji wa Washington na miti yake ya cherry kutoka Japani, akataka Newark nayo ipate. Alitoa zaidi ya miti 2,000 ipandwe katika bustani ya Branch Brook.

Baada ya kuuza duka, kaka na dada walitaka kutoa zawadi kubwa kuliko zote. Walitaka chuo cha udaktari, kijengwe Newark. Miaka ile vyuo vingi vya udaktari vya Marekani viliwawekea Wayahudi idadi maalumu, kijana akafaulu mtihani na bado akakuta mlango umefungwa kwa sababu ya jina lake. Hao wawili walitaka kufungua mlango mwingine. Wakawatuma wawakilishi wao, Herbert Maass, mwanasheria, na Samuel Leidesdorf, mhasibu, wakamwone Abraham Flexner.

Hakukuwa na mtu sahihi zaidi wa kuulizwa. Flexner ndiye aliyeandika ile ripoti ya mwaka 1910 iliyokagua vyuo 155 vya udaktari vya Marekani na Kanada, na kwa makali yake vingi vikafungwa. Alikuwa na mizizi inayofanana na ya Bamberger: mtoto wa wahamiaji wa Kiyahudi, aliyekulia Louisville, na aliyesomeshwa kwa fedha za kaka yake mwenye duka la dawa. Alisoma Johns Hopkins, chuo cha Baltimore kilichoanzishwa kwa wasia wa mfanyabiashara wa mji huo. Wakati Flexner anasoma pale, Bamberger alikuwa Baltimore hiyohiyo, akiuza nguo.

Flexner aliwasikiliza wajumbe, akawaambia chuo kile hakitasimama. Chuo cha udaktari bila chuo kikuu na bila hospitali yake ni jengo tu, na New York iko jirani na madaktari wake wote. Lakini juu ya meza yake kulikuwa na kurasa za kitabu alichokuwa akikimalizia kuhusu vyuo vikuu, na ndani yake ndoto yake ya muda mrefu: mahali padogo pa wasomi waliokomaa, pasipo mitihani, pasipo shahada, pasipo vipindi vya kufundisha kwa lazima, ambapo mtu anaachwa afikiri hadi afike mwisho wa wazo lake. Wajumbe walizichukua kurasa hizo.

Hapa ndipo ninapomstahi Bamberger kuliko mahali pengine popote. Alikuja kununua kitu kimoja, muuzaji akamwambia ukweli kwamba hakimfai, akamwonyesha kingine. Miezi ya mazungumzo ilifuata, yeye na Caroline pamoja na Flexner, hadi wakakubaliana. Taasisi iliandikishwa tarehe 20 Mei 1930, na wao wawili wakaahidi dola milioni 5 za kuanzia. Kiswahili kina neno lake kwa fedha za namna hii: wakfu. Pwani yetu imejaa maduka na nyumba zilizowekwa wakfu, Unguja, Mombasa, Lamu, ambazo kodi yake hulisha msikiti au madrasa baada ya mwenyewe kuwa mchanga. Mwenye kuweka wakfu huitoa mali mkononi mwake moja kwa moja, na kinachobaki kwake ni sharti alilolitamka siku ile.

Sharti la Bamberger na dada yake liko katika barua yao kwa wadhamini ya tarehe 6 Juni 1930. Waliandika kwamba katika kuchagua walimu, watafiti na wanafunzi, isiangaliwe rangi, dini wala jinsia ya mtu, si kwa wazi wala kwa kificho. Maneno hayo ya mwisho yanaonyesha watu wanaojua jinsi milango inavyofungwa. Waliuona mji ambako hakuna kibao cha katazo ukutani na bado mtu hapiti.

Einstein aliteuliwa mwaka 1932, akafika Oktoba 1933, wakati Hitler ameshika Ujerumani. Alipoulizwa anataka mshahara gani, alitaja dola 3,000. Flexner akapanga kiasi kilichozidi hapo mara kadhaa. Pamoja naye walikuwepo Oswald Veblen, John von Neumann na Hermann Weyl. Emmy Noether, mwanahisabati aliyefukuzwa Göttingen kwa kuwa Myahudi, alipata kazi katika chuo cha wanawake cha Bryn Mawr, na kuanzia 1934 akawa anakwenda Princeton kila wiki kutoa mihadhara kwenye taasisi, hadi alipofariki Aprili 1935.

Kisha likaja jaribio la sharti lenyewe. Miaka ya mwanzo taasisi haikuwa na nyumba yake, ilipanga katika jengo la hisabati la Chuo Kikuu cha Princeton, na chuo hicho wakati ule hakikupokea wanafunzi Weusi. Mwaka 1941 alifika David Blackwell, Mmarekani Mweusi wa miaka 22 aliyekwisha pata shahada ya uzamivu Illinois. Ilikuwa desturi wanachama wa taasisi kupewa pia heshima ya ugeni na chuo kikuu. Chuo kikuu kilipogundua Blackwell ni nani, kikapinga. Taasisi haikumwondoa. Alimaliza mwaka wake, na mwaka 1965 akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani. Bamberger alikuwa hai Blackwell alipokuwa akipita katika vyumba vya taasisi. Kaunta za maduka zilikuwa bado hazijamfungukia mtu kama yeye, lakini barua ya mwenye duka ilikuwa imetangulia mbele ya maduka.

Kuna jambo moja ambalo Bamberger alilitaka na hakulipata. Barua ileile ilitaja Newark: alitaka taasisi ikae humo au jirani, kama shukrani kwa watu waliomtajirisha. Flexner alihitaji maktaba na wanahisabati wa karibu, na vyote vilikuwa Princeton, zaidi ya kilomita 60. Kwa kuwa Princeton ni New Jersey ileile, mzee alikubali. Sidhani lilikuwa jambo dogo kwake. Mji wa viwanda ukapoteza kitu chake kikubwa kabisa kwa mji wa vyuo, na fedha zikasafiri na njia ya reli. Na chuo cha udaktari alichokataliwa kilikuja Newark baadaye, kwa mkono wa serikali, kwa namna mbaya: katika miaka ya 1960 mpango wa kukipa ekari 150 katika kata ya kati, ambako waliishi Weusi wengi, ulikuwa mmoja wa visababishi vya hasira iliyolipuka Julai 1967. Zaidi ya watu 20 walikufa katika siku zile. Mazungumzo yaliyofuata yalipunguza eneo la chuo, na kikajengwa. Leo kinafundisha madaktari pale Newark.

Mwaka 1939 taasisi ilipata jengo lake la kwanza, Fuld Hall. Ndilo jina pekee la familia lililobandikwa pale juu, la mshirika aliyekufa kabla hata mpango haujazaliwa. Bamberger hakuweka lake.

Alifariki nyumbani kwake South Orange tarehe 11 Machi 1944, akiwa na miaka 88, na sehemu kubwa ya mali iliyobaki ikaenda kwa taasisi. Bendera za Newark zilipeperushwa nusu mlingoti. Caroline alimfuata Julai ya mwaka huohuo. Miti yake ya cherry iliongezewa mingine na walinzi wa bustani, na sasa katika Branch Brook ipo zaidi ya 5,000. Kila Aprili inapochanua, watu huja kwa maelfu na watoto wao na vikapu vya chakula.

Duka liliendelea kwa jina la Bamberger chini ya Macy's, likaenea na matawi kote New Jersey, hadi 1986 jina lilipofutwa. Lile la Mtaa wa Market lilifungwa mwaka 1992. Jengo la Hunt lingali limesimama. Kule Princeton, von Neumann alikuwa amejenga mojawapo ya kompyuta za kwanza zinazohifadhi programu katika kumbukumbu yake, iliyoanza kufanya kazi mwaka 1951 kwenye ardhi ya wakfu ule. Ghorofa za duka la zamani, ambako watu wa Newark walinunua majora ya vitambaa kwa bei moja, sasa zina safu za seva na nyaya za mawasiliano zinazounganisha kampuni za simu na intaneti, na viyoyozi vinavyonguruma mchana na usiku.